Maina ya Hamonia: Kwa Nini Nota ya Saba Hupandishwa

Kwaresima moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nikipiga kinanda katika kwaya ya usharika mmoja hapa Dar es Salaam, na tulikuwa tukijifunza wimbo ulioandikwa katika A maina, yaani wimbo wenye rangi ya huzuni kidogo ambao nyumbani kwake, nota unapotulia, ni A. Kila tulipofika mwisho wa kiitikio, sauti ya pili iligongana na kinanda hadi masikio yakauma. Niliwasimamisha waimbaji wa sauti hiyo mara tatu, nikawaomba waimbe polepole, na mara zote tatu walirudia jambo lile lile bila kuyumba, mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akaniambia, "Mwalimu, sisi tunaimba kilichoandikwa." Nilichukua karatasi yake nikaisogeza kwenye taa. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, nota za solfa (mfumo wa kuandika nota kwa herufi za do, re, mi) zimeandikwa kwa mkono, na pale ambapo nakala yangu ilisomeka "se", yake ilibaki na "s" peke yake, kwa kuwa herufi ya pili ilikuwa imefifia kabisa. Mama yule alisema kweli. Wao waliimba G, nami nilipiga G shapu, kitufe kinachofuata juu ya G.

Herufi hiyo moja ndiyo tofauti yote iliyopo kati ya maina ya asili na maina ya hamonia. Skeli, yaani ngazi ya nota za wimbo, ya A maina ya asili ni A, B, C, D, E, F, G, kisha A. Kwa solfa tunasema l, t, d, r, m, f, s, l. Maina ya hamonia huacha nota sita za mwanzo kama zilivyo, ikaipandisha ya saba kwa nusu toni (hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata kwenye kinanda; mbili ni toni nzima), yaani G inakuwa G shapu na s inakuwa se. Ukihesabu kwa nusu toni kutoka A hadi A ya juu, hatua zake ni 2, 1, 2, 2, 1, 3, 1. Wanafunzi wengi hukariri hesabu hiyo wakaishia hapo, na mimi mwenyewe niliishia hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu hakuna aliyenieleza nota ile inapandishwa kwa ajili ya nini.

Jibu liko kwenye kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na jina la skeli lenyewe linalieleza: hamonia ni mambo ya sauti zinazolia pamoja. Keti kwenye kinanda, upige kodi ya E maina, yaani E, G na B, kisha uende kwenye A maina. Utafika, lakini utafika kwa ulegevu, kama mtu anayeingia nyumbani bila kupiga hodi. Sasa rudia, ila usogeze kidole kimoja tu, kile cha kati, kutoka G hadi G shapu, ili kodi iwe E meja, yaani E, G shapu na B. Kabla hujaiachia, sikio tayari linaidai A. G shapu iko nusu toni tu chini ya A, na ukaribu huo ndio unaoivuta kwenda nyumbani. Katika skeli ya C meja (C, D, E, F, G, A, B, C) mvuto huo upo wenyewe, kwani B imekaa nusu toni chini ya C. Katika A maina ya asili haupo, kwa kuwa kati ya G na A kuna toni nzima. Watunzi wa Ulaya waliouhitaji mvuto huo mwishoni mwa sentensi za muziki waliipandisha G, na wananadharia wakaja kuzipanga nota hizo kwenye mstari, wakaziita skeli.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa anayejifunza ni huu: usiulize wimbo uko katika skeli ipi, uliza ni kodi gani inayolia chini ya nota hiyo. Ikiwa ni E meja, au E yenye nota yake ya saba (E, G shapu, B na D), utahitaji G shapu. Ikiwa ni C meja, au G meja, acha G ya kawaida. Wimbo mmoja wa A maina unaweza kuwa na G zote mbili, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja, na wala si kosa. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mwenye bidii sana, aliyekuwa ameikariri skeli hii kikamilifu, na kwa sababu hiyo kila alipofika kwenye kodi ya C alipiga C, E, G shapu. Kodi hiyo ipo kweli, na ina uzuri wake wa kuning'inia, lakini ni adimu. Katika nyimbo nyingi za maina utakazokutana nazo kwaya inataka C, E, G. Kijana hakukosea hesabu. Alidhani tu kwamba skeli ni sheria ya wimbo mzima.

Kwa waimbaji, ugumu uko mahali pengine. Kupandisha nota ya saba kumeacha pengo la nusu toni tatu kati ya F na G shapu, na sauti ya binadamu hailipendi pengo hilo. Wengi huishusha se bila kujua. Nimeona njia moja ikifaa mara nyingi. Waimbishe kwanza m, f, m hadi f itulie karibu na m. Kisha waimbishe l, se, l hadi se iegemee l. Ndipo uziunganishe m, f, se, l. Kila nota ishikwe na jirani yake, badala ya kupimwa kwa kuruka. Ugumu huu ndio uliozaa maina ya melodia, ambayo ikipanda huinua F pia iwe F shapu, nota ambayo katika solfa ya John Curwen, mwalimu Mwingereza aliyeueneza mfumo huo, ina jina lake, ba, na ikishuka hurudi kwenye maina ya asili.

Katika kuandika, zingatia kwamba nota hii haionekani kwenye alama za shapu na fleti za mwanzo wa mstari; huandikwa mbele ya nota yenyewe kila inapohitajika. Usiiandike A fleti (A iliyoshushwa nusu toni), japokuwa kwenye kinanda ni kitufe kile kile, maana skeli hutumia kila herufi mara moja. Tena kupandisha si lazima kuwe shapu: katika C maina, B fleti hurudi kuwa B ya kawaida, na D maina hubeba B fleti na C shapu kwa pamoja.

Sisi wa pwani tuna sababu nyingine ya kulijua pengo lile. Ukizipiga nota hizo hizo ukianzia E, yaani E, F, G shapu, A, utasikia harufu ya taarabu, kwa kuwa hilo ndilo umbo la maqam ya Hijazi, moja ya skeli za muziki wa Kiarabu, ambayo baadhi ya waadhini wa mji huu pia huitumia. Lakini usizichanganye. Katika Hijazi nyumbani ni E, na pengo ni sehemu ya utamu wenyewe, halikuletwa na kodi. Mpiga fidla au udi anaweza hata kulibana kidogo, jambo ambalo vitufe vya kinanda haviruhusu.

Anza na A maina, kisha D, kisha E. Kwa kila moja piga kodi ya tano, ile inayoanzia nota ya tano ya skeli (kwa A ni E), ikiwa maina, kisha ikiwa meja, ukiitaja kwa sauti nota iliyobadilika. Na kabla ya kugawa fotokopi kwa kwaya, pitia kila "se" kwa kalamu ya wino mweusi.