Rubriki moja, alama mbili tofauti: mfanyeje?

Mwalimu mwenzangu, umesema wewe na mwenzako mnafundisha kozi moja chuoni na mnatumia rubriki ileile, yaani jedwali la vigezo na ngazi za kusahihishia, lakini insha moja yeye kaipa 70, wewe 48. Mimi naona tatizo liko kwenye maneno ya rubriki yenyewe. "Hoja nzuri", "hoja nzuri sana", "hoja bora": hapo kila msahihishaji anapima kwa jicho lake. Andikeni kinachoonekana kwenye karatasi: mwanafunzi anatoa dai, analitetea kwa ushahidi kutoka vyanzo viwili au zaidi, na anajibu hoja pinzani. Ngazi ya chini yake: ushahidi upo, hoja pinzani haikuguswa.

Kabla ya kugawana rundo, chukueni insha chache, kila mtu asahihishe peke yake, kisha mlinganishe. Mkipishana, rekebisheni rubriki. Msikutane katikati kwa 59. Tunapenda sana njia hiyo, na haitibu kitu.

Mkitaka mfano, tazameni rubriki za VALUE zilizotolewa na AAC&U (jumuiya ya vyuo na vyuo vikuu) ya Marekani mwaka 2009. Ile ya uandishi ina vigezo vitano na ngazi nne. Ila msiigeuze kuwa ya kutolea alama: ilikusudiwa kupima ukuaji wa mwanafunzi katika miaka yake yote ya chuo.

Tena, hifadhini alama za kila kigezo kando. Jumla ya 65 haikuambii kama darasa zima limeshindwa kutumia vyanzo.

Na rubriki wapewe wanafunzi siku ile ile mnapowapa kazi.