Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Umeme na Safari ya Unguja

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba ya mita saba hapa Bagamoyo. Ninatumia mashine ya nguvu farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, kuwapeleka wageni kwenye mikoko ya mlango wa mto Ruvu, na mara mojamoja huvuka hadi Unguja kwa kazi za kukodiwa. Mpwa wangu ameniletea video za mashindano ya boti za umeme, na anasisitiza kwamba niuze mashine yangu ninunue ya umeme. Je, itakimbia kama hii niliyo nayo?
Nahodha, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Ndugu Nahodha, kuhusu kasi mpwa wako amesema kweli. Mwaka 2018, katika ziwa la Coniston nchini Uingereza, boti ya umeme iliyotengenezwa na Jaguar Vector ilifikia kilomita 142 kwa saa, na Oktoba 2023 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliipita kwa mbali walipofika takriban kilomita 184 kwa saa. Mota ya umeme ina sifa ambayo kila nahodha angeitamani, kwamba hutoa msukumo wake wote tangu rafadha, yaani pangaboi, inapoanza kuzunguka. Unaijua ile hali ya boti kukaa kitako, omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka na mashine inalia kabla boti haijanyanyuka na kuanza kuteleza juu ya maji. Hapo ndipo mota ya umeme inapoipita injini ya petroli.

Shida haiko kwenye mota, iko kwenye tangi. Tuchukue safari yako ya Unguja, ambayo hadi mjini ni kama kilomita 45. Ukienda kilomita 37 kwa saa utatumia saa moja na robo hivi. Mashine ya nguvu farasi 40 hutoa kilowati 30 ikikazwa hadi mwisho. Tuseme unaiendesha kwa robo tatu ya nguvu hiyo, yaani kilowati 22. Safari nzima itakula uniti 27 hivi, uniti zile zile tunazonunua kwenye LUKU. Lita moja ya petroli ina joto la takriban uniti 9, na hata kama mashine yako inageuza moja ya tano tu ya joto hilo kuwa msukumo, lita 15 zitakufikisha, nazo uzito wake ni kilo 11. Betri ya lithiamu pamoja na kasha lake hubeba kama uniti 15 kwa kila kilo 100. Uniti 27 zinahitaji kilo 180, na kwa kuwa hakuna nahodha anayeondoka na mafuta ya kufikia tu, ongeza theluthi moja kwa ajili ya kusi na mkondo, utapata kilo 240. Hiyo ni safari ya kwenda peke yake. Petroli hupungua uzito kadiri unavyokwenda, ilhali betri hufika gatini na uzito ule ule iliyoondoka nao, kisha kuijaza kwa soketi ya kawaida ya kilowati 3 kunachukua saa 12.

Huenda ukauliza mbona magari ya umeme yanakwenda mamia ya kilomita. Gari likishapata mwendo hubingirika kwa nguvu kidogo, lakini maji ya bahari ni mazito zaidi ya mara 800 kuliko hewa, na boti ya kasi huyalipa kila mita. Ukiachia mkono wa gesi unajua kinachotokea: omo inashuka, wimbi la nyuma linakufikia, na boti inakaa pale pale.

Sasa zile video. Nadhani ni za mashindano ya E1, yaliyoanza Jeddah mwezi Februari 2024. Boti zake zina betri ya uniti 35 na mota ya kilowati 150, na ukigawanya utaona kwamba mota ikikazwa hadi mwisho, betri inakwisha kwa dakika 14. Zinafika kilomita 93 kwa saa kwa sababu zina mabawa chini ya maji yanayoinyanyua boti nzima ikae hewani, libaki bawa na rafadha tu majini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ufumbuzi wa kweli wa boti za umeme. Huko Stockholm, Sweden, boti ya Candela P-12 yenye mabawa ya namna hiyo ilianza mwaka 2024 kubeba abiria 30 kwa kilomita 46 kwa saa, mwendo unaoushinda wako, kwa umeme peke yake. Lakini fikiria ufuko wetu, ambapo maji yakitoka siku za bamvua boti hulala juu ya mchanga na wageni huvua viatu kuifuata, na ambapo usiku nyavu zimetandazwa kila upande. Bawa linaloning'inia chini ya boti katika maji hayo ni hatari kubwa, na hata yale yanayoweza kukunjwa yanahitaji fundi ambaye bado hatunaye pwani hii.

Kwa hiyo usiuze mashine yako. Hata hivyo, safari za Ruvu ni jambo jingine kabisa. Asubuhi moja nilikaa karibu na soko la samaki nikimtazama fundi akifungua plagi ya mashine kama yako: ilikuwa nyeusi, imelowa oili, na chini yake, juu ya maji, palitandaa utando wa mafuta wa rangi saba. Sehemu ya petroli katika injini za aina hiyo hutoka bila kuungua na kuingia kwenye mikoko ile ile ambayo wageni wamelipa kuiona. Boti inayokwenda taratibu, bila kunyanyuka, ikipunguza mwendo kwa nusu huhitaji nguvu karibu ya moja ya nane. Mota ya kilowati 4 ingekutosha mtoni kwa mwendo wa kutembea, na ndege wasingeruka kabla hujawafikia. Ukipata fedha, nunua mota hiyo ndogo uiweke kando ya ile kubwa, nayo ile ya petroli ikungojee kwa safari ya kuvuka.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Sahare, Tanga. Nataka kufunga mota ndogo ya umeme kwenye ngalawa. Je, maji ya chumvi hayataiua? Na betri ya gari itafaa?

JIBU: Ndugu mvuvi, mota zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari hufungwa zisipenye maji, kinachokufa kwanza ni viungo vya nyaya, vinavyoota ukijani na kupata moto. Vipake grisi, na kila unaporudi vioshe kwa maji yasiyo na chumvi kama mnavyoosha injini. Betri ya gari usiitumie, kwa kuwa imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ukiimaliza chaji usiku baada ya usiku itakufa mapema. Tafuta ya lithiamu au ya sola, uifunge kwa kamba juu ya ubao, mbali na maji yanayokusanyika chini, na kasia usiliache nyumbani.