Ndoto ya kutisha inayojirudia: maswali na majibu

Wengi wa waliotuandikia wanadhani ndoto mbaya hupiganwa usiku, kitandani. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika mchana, mtu akiwa macho. Maswali tumeyafupisha.

Kwa miaka mitatu naota ndoto ileile: nakimbizwa, nafika kwenye mlango uliofungwa, nashtuka. Mara nyingi ni karibu na alfajiri. Kwa nini?

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua takriban dakika 90. Mwishoni mwa mzunguko huja kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, ubongo huchangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho, na misuli hulegea kabisa. Ndoto ndefu zenye kisa na picha kali hutokea humo. Mzunguko wa kwanza wa usiku una dakika chache tu za kipindi hicho. Wa mwisho unaweza kuwa na nusu saa au zaidi. Ndiyo maana anayelala saa nne usiku hushtushwa zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja.

Kujirudia nako kuna sababu. Ndoto huanzishwa na jambo: msiba, ajali, ugomvi kazini, hata homa kali. Jambo huisha, ndoto ikabaki, kwa kuwa ubongo umeshaizoea njia ile. Kila unaposhtuka palepale mlangoni, kisa hukatika kabla hakijafika mwisho, na hofu hubaki imegandana na picha zilezile. Kesho yake unachelewa kulala kwa woga. Usingizi ukipungua, siku utakapolala vizuri ubongo hufidia, na ndoto huja nyingi na kali zaidi. Kuhangaika kutafuta maana ya mlango hakuvunji mzunguko huu.

Kuna njia ya kuizuia bila dawa?

Ipo, na ndiyo tunayoitanguliza karibu kwa kila mtu: kuiandika ndoto upya. Daktari Barry Krakow wa Marekani na wenzake waliijaribu kwa wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliofanya zoezi walipungukiwa na ndoto za kutisha na kulala vizuri kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliipendekeza kwa wenye tatizo hili.

Anza kwa kuchagua ndoto moja. Usichukue iliyo mbaya kuliko zote. Ukizipima kwa hofu kuanzia 0 hadi 10, chukua ya 4 au 5. Iandike kwa ufupi, mara moja tu, kisha karatasi hiyo iweke kando. Chukua karatasi nyingine uandike kisa kipya, ukibadilisha chochote upendacho. Mabadiliko yaingize mapema, kabla hofu haijapanda: anayekufukuza anakuita akurudishie mkoba uliouangusha, mlango uko wazi, na nyuma yake kuna baraza lenye jua na watu unaowafahamu. Tia sauti, rangi, harufu, joto la sakafu chini ya nyayo. Si lazima kisa kiwe na mantiki, wala si lazima ushinde. Kinachotakiwa ni kwamba ukikisoma, mwili wako utulie.

Kisha kila siku, kwa dakika 10 hadi 20, kaa mahali tulivu, fumba macho, ukipitie kisa kipya toka mwanzo hadi mwisho kama unayekiona. Kisa kipya tu. Usishughulikie ndoto zaidi ya mbili kwa wiki moja.

Zoezi hili huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Wengine hurudi kila siku kusoma ndoto ya zamani "ili kulinganisha", na hapo huwa wanaifanyia mazoezi hiyo hiyo wanayoikimbia. Wengine husoma karatasi haraka kama risiti bila kuona picha yoyote. Maneno peke yake hayatoshi. Wapo wanaoandika mwisho wa kisasi, damu na visu, halafu wanashangaa kwa nini bado wanaamka moyo ukidunda. Kisasi nacho huupandisha mwili. Na wapo wanaolifanya zoezi kwa mara ya kwanza usiku, taa imezimwa, hofu tayari imeshaingia. Lifanye mchana kwanza. Likishakuwa jepesi, unaweza kuongeza dakika chache kabla ya kulala.

Usitarajie kisa kipya kikujie usingizini neno kwa neno. Dalili ya kwanza huwa ndogo: ndoto inabadilika mahali, au unaamka bila kutetemeka, au wiki inapita bila kuota. Wengi huona tofauti ndani ya wiki chache. Ukiona ndoto zinazidi badala ya kupungua, simamisha zoezi na umtafute mwanasaikolojia.

Nikishtuka saa tisa usiku nimelowa jasho, nifanye nini papo hapo?

Weka miguu sakafuni. Washa taa hafifu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, kisha vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne na uitoe kwa kuhesabu hadi sita, kwa dakika mbili tatu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huteremsha mapigo ya moyo. Usiangalie saa, usishike simu, na usianze kuichambua ndoto. Andika mstari mmoja ukitaka, uiachie mchana.

Dakika kama 20 zikipita bila usingizi, toka kitandani ukakae kwingine hadi macho yawe mazito. Anayegaagaa kitandani kwa hofu kila usiku huishia kuogopa kitanda chenyewe. Asubuhi amka saa yako ya kawaida, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kulala hadi saa nne asubuhi ili kufidia huongeza muda wa usingizi ule wa alfajiri wenye ndoto nyingi.

Mwanangu wa miaka 5 hupiga kelele kama saa moja na nusu baada ya kulala. Macho yamefumbuka lakini hanitambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Anaota nini?

Huenda haoti kitu. Kuweweseka kwa namna hii hutoka kwenye usingizi mzito wa theluthi ya kwanza ya usiku, wakati sehemu ya ubongo imeamka na sehemu nyingine bado imelala. Mtoto aliyeota ndoto mbaya huamka kweli, hukutafuta, hueleza alichokiona, na mara nyingi ni usiku wa manane kwenda alfajiri. Saa ya tukio na kumbukumbu ya asubuhi vinatosha kutofautisha mambo haya mawili kwa watoto wengi.

Usimtikise wala kumlazimisha aamke, maana atachanganyikiwa na kupambana nawe. Kaa karibu, ondoa vitu vya kumuumiza, ngoja dakika chache apitiwe na usingizi tena. Asubuhi usimhoji. Sababu ya kawaida ni uchovu: mtoto wa umri huo anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Homa, kibofu kilichojaa na kukoroma pia huchochea.

Kama hutokea karibu saa ileile, iandike kwa wiki moja, halafu mguse taratibu hadi ageuke au afumbue macho dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili hadi nne. Mpeleke kwa daktari kama viungo vinarukaruka kwa mpigo mmoja, kama hutokea mara kadhaa kwa usiku mmoja, au kama anakoroma na kukatika pumzi. Inabidi kifafa na matatizo ya kupumua yaangaliwe.

Mimi hupatwa na jinamizi. Naamka siwezi kujisogeza, kuna mtu kanikalia kifuani. Nitakufa usingizini?

Hapana. Ubongo umeamka huku ule ulegevu wa misuli wa wakati wa ndoto haujaondoka, na mabaki ya ndoto yanachanganyika na chumba halisi. Msuli mkuu wa kupumua hauzimwi, kwa hiyo pumzi ipo hata kama kifua unakihisi kizito. Hudumu sekunde chache hadi dakika chache. Usipambane na mwili mzima: zungusha macho, kisha jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Hutokea zaidi ukilala chali na ukiwa na upungufu wa usingizi, basi lala kwa ubavu na ulale saa zilezile. Kama pia unasinzia hovyo mchana au miguu inaishiwa nguvu ukicheka, mweleze daktari.

Ndoto zilianza nilipobadilishiwa dawa ya presha. Inawezekana?

Inawezekana sana. Propranolol na metoprolol zinajulikana kwa hilo. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za sonona. Mefloquine ya kukinga malaria. Na efavirenz, dawa ya VVU, ambayo humezwa wakati wa kulala tumbo likiwa tupu kwa sababu chakula, hasa chenye mafuta, huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu. Andika tarehe uliyoanza dawa na tarehe ya ndoto ya kwanza, umpelekee daktari. Anaweza kubadilisha dawa, dozi au saa ya kumeza. Usiache mwenyewe ghafla: ukiikatiza propranolol moyo unaweza kupata shida kubwa kuliko ndoto. Kwa mefloquine usingoje miadi. Ndoto kali au wasiwasi ukiwa unaitumia ni jambo la kuripotiwa mara moja.

Mume wangu ana miaka 58. Anarusha ngumi na mateke usingizini, na akiamka anasema alikuwa akipigana.

Huyu aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu. Ulegevu wa misuli unaomzuia mwotaji kutenda anachokiota haufanyi kazi, hali iliyoelezwa na daktari Carlos Schenck wa Marekani na wenzake mwaka 1986. Kwa watu wazima wa umri huo inaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi, ingawa dawa za sonona nazo huweza kuisababisha. Kwa sasa laleni vitanda tofauti, ondoeni meza yenye kona kali na vitu vya kioo, wekeni godoro sakafuni upande wake.

Naota tukio lenyewe nililovamiwa, kama lilivyokuwa. Niandike upya hilo?

Usilifanye peke yako. Ndoto inayorudia tukio halisi ni ya kushughulikiwa pamoja na mtaalamu wa kiwewe, kwa kuwa jeraha lenyewe linahitaji tiba. Daktari anaweza kuongeza prazosin, dawa ya presha inayopunguza ndoto kwa baadhi ya watu. Jaribio kubwa kwa wanajeshi wastaafu lililochapishwa mwaka 2018 halikuona faida, hivyo si dawa ya uhakika. Na kama ndoto zimekufikisha kutamani kufa, usisubiri miadi. Mwambie mtu wa karibu leo, mwende hospitali.

Pombe kidogo kabla ya kulala hunifanya nisiote. Kuna ubaya?

Huoti nusu ya kwanza ya usiku tu. Pombe hubana usingizi wa ndoto. Ikishaisha mwilini, ndoto hurudi kwa kishindo kuelekea alfajiri. Jipe angalau saa tatu au nne kati ya kinywaji na kitanda. Ukiacha kabisa, tarajia ndoto kali kwa siku kadhaa hadi wiki chache kabla hazijatulia. Lakini kama unakunywa kwa wingi kila siku, acha chini ya uangalizi wa daktari, kwani kukata ghafla kunaweza kuleta degedege.