Ukienda London kwenye ile baa ya waandishi, anzia nyumba ya kamusi

Juzi tulikuwa tumekaa Sinza na washkaji, mmoja anaenda Uingereza kwa kozi ya wiki tatu, akaniuliza nilivyokuwa kule nilienda wapi maana yeye hataki kupiga picha kwenye lile saa lao kubwa kama kila mtu. Nikamwambia nenda baa inaitwa Ye Olde Cheshire Cheese. Akacheka, eti jina kama la duka la jibini. Tangu hapo wameshaniuliza wengine wawili inboksi, basi acha niandike kabisa.

Iko Fleet Street, mtaa uliokuwa wa magazeti. Iliungua kwenye moto mkubwa wa 1666, ikajengwa upya 1667, yaani karibu miaka 200 kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga hii Dar yetu.

Sasa mlango. Mimi nilipita pale mbele mara tatu, naona taa yenye jina la baa, pa kuingilia sipaoni, manyunyu hayakatiki na koti lenyewe la kuazima, mpaka jamaa mmoja akaninyooshea kidole kichochoroni. Ndiyo, mlango uko kichochoroni, panaitwa Wine Office Court, pembamba kama vile vichochoro vya nyuma ya maduka Kariakoo. Usiogope, ingia.

Ndani giza giza, mbao nyeusi, dari fupi, ngazi za kushuka chini ambazo mtu mrefu lazima ainame. Nikachagua meza nzuri nikakaa kumsubiri mhudumu. Nimekaa pale dakika ishirini nimekunja mikono kama mgeni wa ukweni, hakuna anayekuja, na hakuna atakayekuja! Unaenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa hapohapo, unabeba glasi yako. Mambo ya chupa kupangwa mezani mje mhesabiane mwishoni sahau. Wala huulizwi ya moto au ya baridi, ile bia yao ya kienyeji inayovutwa kwa mkono ina ubaridi wa maji ya mtungi tu, mimi funda la kwanza nilijua nimeuziwa ya jana. Halafu painti moja ni mililita 568, chupa yetu ni 500, kwa hiyo anayehesabu kwa chupa ajiangalie.

Waandishi sasa. Charles Dickens anatajwa sana pale, na W. B. Yeats na washairi wenzake walikuwa wanakutana humo miaka ya 1890 wanasomeana mashairi yao. Kuna na kasuku, Polly, alikuwa maarufu hadi alipokufa 1926 magazeti ya nchi za mbali yakamwandikia tanzia, wamemkausha na bado wanaye. Nisiwe muongo, nilimwangalia kasuku muda mrefu kuliko picha za waandishi.

Ila anayetangazwa kuliko wote kwamba alikuwa mteja wao ni Samuel Johnson, mzee wa kamusi ya Kiingereza ya 1755. Hapo ndipo nasema usimeze kila kitu. James Boswell aliyeandika maisha yake alinakili mpaka maongezi ya mezani, lakini hiyo baa hakuitaja. Ila nyumba ya Johnson ni ya kweli, ipo hatua chache tu kutoka hapo, Gough Square namba 17, unalipa kiingilio unapanda mpaka chumba cha juu kabisa alikofanyia kazi na wasaidizi wake sita. Nje kuna sanamu ya paka wake, Hodge, amekalia kamusi na maganda ya chaza pembeni, maana mzee alikuwa anaenda mwenyewe kumnunulia chaza.

Mliosoma Kiswahili mnaijua "Johnson" yetu, ile kamusi ya 1939. Huyo ni mwingine, Frederick, katibu wa Kamati ya Lugha iliyoanza 1930 na ofisi yake ilikuwa hapahapa Dar. Nimesimama kwenye kile chumba nikamkumbuka yeye. Mimi nazunguka Posta miaka yote hii sijawahi kuona kibao chenye jina lake, sembuse paka.

Kwa hiyo mshkaji wangu, anza na nyumba, nenda saa nane mchana maana jioni wanafunga, ukitoka ndiyo uingie baa. Ijumaa jioni usijaribu, watu wa maofisini wanajaa mpaka kichochoroni na kasuku hutamuona. Kama hunywi agiza soda, hakuna atakayekushangaa.

Nilivyomaliza kumueleza yote haya akaniuliza kama wana nyama choma. Nikamwambia wana pai. Akanyamaza kidogo, akamwita dada wa pale atuongezee ndizi mbili na pilipili.