Clynelish na Brora: kiwanda kimoja au viwili?

SWALI: Nimeonyeshwa wiski mbili za Uskoti. Moja ilipikwa 1965, lebo inasema Clynelish. Nyingine ya 1972, lebo inasema Brora. Muuzaji anadai zimetoka jengo moja. Ananidanganya? Na hiyo ladha ya nta inayosifiwa Clynelish hutoka wapi?

JIBU: Hakudanganyi. Jina ndilo lililohama. Kiwanda cha zamani kilijengwa 1819 na Marquess of Stafford katika kijiji cha Brora, pwani ya Sutherland, kikaitwa Clynelish. Mwaka 1967 kikajengwa kipya jirani yake, chenye mitungi sita ya shaba ya kukenekea, nacho kikachukua jina hilo. Cha zamani, chenye mitungi miwili tu, kilifungwa 1968, kikafufuliwa 1969, na jina la Brora kikalipata 1975; wiski ya 1972 huweza kuitwa Brora kwa kuwa lebo hubandikwa inapotolewa pipani, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo wiski ya 1969 hadi 1974 iliyoandikwa Clynelish yaweza kuwa ya upande wowote, na hapo ndipo wanunuzi hupigwa.

Moshi husaidia kuzitofautisha. Miaka ile wachanganyaji wa wiski za viwanda mbalimbali walihitaji wiski yenye moshi mzito kama ya kisiwa cha Islay, na kiwanda cha Caol Ila kilichopo huko kilivunjwa 1972, kikasimama tena 1974. Brora ikaziba pengo kwa kukausha kimea cha shayiri kwa moshi mwingi wa mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni). Soko lilipofurika wiski, ilifungwa Machi 1983. Ilirudi kazini Mei 2021, mitungi ikiwa ile ile miwili, iliyokarabatiwa.

Nta sasa. Kabla ya mkeneko wa mwisho, pombe hafifu ya mkeneko wa kwanza hukusanywa kwenye tangi pamoja na matone ya mwanzo na ya mwisho yasiyofaa kwa pipa. Mafuta mazito hugandamana kwenye kuta za tangi hilo. Kwingine husuguliwa yakaisha, Clynelish huyaacha. Tangi liliposafishwa barabara, ladha ya nta ilitoweka, na ndipo sababu ikajulikana. Uchafu una kazi yake, kumbe.

Ukitia barafu na wiski ikawa na ukungu kama maji ya mchele, haijaharibika: mafuta hayo hujitenga kinywaji kikipoa na kilevi kikishuka chini ya takriban asilimia 46. Clynelish ya miaka 14 huuzwa kwa asilimia 46 kamili, basi ongeza maji kidogo kidogo, yasiyo baridi.