Jibu: Kwa nini majedwali mawili ya vifo vya kuzidisha dozi Marekani hayalingani

Umeuliza inakuwaje jedwali moja liwaweke Wazungu juu kwa vifo vya kuzidisha dozi ya dawa, zikiwemo za kulevya, na jingine liwaweke Wenyeji asilia. Yote mawili ni sahihi. La kwanza linahesabu vichwa, na Wazungu ndio wengi nchini. La pili linatoa kiwango kwa kila watu 100,000, kilichosawazishwa kwa umri. Ukilinganisha makundi, shika hilo la pili.

Mwaka 2023 walikufa watu 105,007, yaani 31.3 kwa kila 100,000. Wenyeji asilia wa Marekani na Alaska walifikia 65.0, Weusi 48.9, Wazungu 33.1. Wanaume 44.3, wanawake 18.3.

Kusawazisha ni hivi: tafuta kiwango cha kila rika, zidisha kwa uzito (sehemu) wa rika hilo katika idadi sanifu ya watu wa Marekani ya mwaka 2000, inayotumika kama kipimo kimoja kwa makundi yote, kisha jumlisha. Usipofanya hivyo, kundi lenye watoto wengi litaonekana salama kuliko lilivyo, maana watoto ni nadra kufa hivi.

Ukipakua data mwenyewe, chukua misimbo yote ya ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya magonjwa na sababu za vifo: X40–X44 (ajali), X60–X64 (kujiua), X85 (kuuawa) na Y10–Y14 (nia haikujulikana). Wengi huishia kwenye X40–X44 peke yake, halafu wanashangaa jumla yao ni ndogo.

Jambo linaloniuma ni cheti cha kifo. Mara nyingi asili ya marehemu huandikwa na mtu wa huduma za mazishi, na Wenyeji asilia wengi huandikwa Wazungu. Kwa hiyo hata hiyo 65.0 huenda ni pungufu.