Swali la wiki: kampuni za intaneti zinaaminika? Mi nasema hapana

Mmeuliza kama kampuni zinazotuuzia bando zinaaminika kutunza siri ya tunakoingia mtandaoni. Jibu langu hapana, na hili jambo linaniuma kweli.

Watu wengi wanadhani ile kufuli kwenye brauza imeshawaficha. Inaficha unachosoma, haifichi umeingia wapi, maana simu kabla ya kufungua tovuti lazima iulizie anwani yake na mara nyingi anayeulizwa ni kampuni yenyewe. Chukua dada anayefungua saa nane usiku tovuti ya vipimo vya ukimwi halafu ya kliniki ya wajawazito, kampuni haijui kasoma nini ila jina la tovuti inaliona, saa inaiona, mpaka mnara uliombeba inaujua. Na kwetu Tanzania laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo huyo dada anajulikana kwa majina yake yote matatu.

Msiniambie kampuni haziwezi kuzitumia taarifa hizo. Marekani kampuni ya simu ya Verizon walikuwa wanabandika namba ya utambulisho kwenye mawasiliano ya wateja wao wa simu kila wakiingia tovuti zisizo na kufuli, ufute historia, ufute kila kitu, namba iko palepale kwa sababu inabandikwa njiani huko, haipo kwenye simu yako, na mwanzoni wateja hawakuambiwa kabisa. Machi 2016 tume ya mawasiliano ya kule, FCC, ikawatoza faini ya dola milioni 1.35 tu, kwa kampuni kubwa vile! AT&T nao kwenye intaneti ya majumbani waliwahi kuweka bei mbili, hutaki kufuatiliwa unaongeza dola 29 kwa mwezi. Oktoba mwaka huohuo FCC ikapitisha kanuni kwamba kampuni iombe ruhusa kwanza kabla ya kutumia historia yako, ila Machi 2017 Bunge la Marekani likaifuta, Seneti kura 50 kwa 48, Aprili Trump akasaini, na hicho kipengele cha ruhusa kilikuwa hata hakijaanza kazi.

Wengine watasema weka VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano yako kwa kampuni nyingine yakiwa yamefichwa. Sawa, ila hapo umemhamishia siri mtu mwingine, tena hizo za bure sijui hela ya kuendesha mitambo wanatoa wapi, na hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishataka wanaotumia VPN wajiorodheshe kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023.

Mi nachotaka ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ifanye kazi, imeanza Mei 2023 na Tume ya kuisimamia ipo. Tume iziulize kampuni rekodi za tovuti zinakaa siku ngapi, nani anazifungua, nani anauziwa, halafu majibu yawekwe kwenye menyu ileile tunayonunulia bando, kwa Kiswahili, mtu asome kabla hajabonyeza kulipa.